Amri ya Kumtenga Bhoke

Mpunga ukishaiva haungoji mtu amalize shida zake. Kwelea kwelea hawaulizi kama una msiba, na ng'ombe ndiyo kabisa. Kule Mwalukuba, kijiji kilichoko njiani kati ya Kharumwa na Bugarama, iko desturi ya tangu wazee wa wazee: mavuno yakikaribia kwisha, mwenyekiti anatangaza siku ya kufungua mashamba. Siku hiyo ikifika, makundi yote ya ng'ombe yanaachiwa yaingie kula mabua. Aliyevuna amevuna. Ambaye mpunga wake bado umesimama, huyo amewalimia ng'ombe wa watu.

Mwaka ule ilitangazwa kuwa mashamba yatafunguliwa Jumatatu inayofuata gulio, na Bhoke alikuwa na majaruba mazima ambayo hayajaguswa na mundu.

Bhoke alikuwa Mkurya, mtu wa Tarime. Aliletwa na dhahabu kama wengine wote, ile miaka watu walipomiminika baada ya kusikia mawe ya Mwalukuba yametema. Alipanga nyumba ndogo yenye ua wa mabua nyuma ya makarasha, zile mashine za kusagia mawe, na kazi yake ilijulikana. Wanaume waliijua kwa miguu, wanawake kwa masikio. Yeye mwenyewe hakuificha wala hakuipigia ngoma. Baadaye akakodi majaruba ya mzee Masalu, mgane ambaye mgongo ulishamkatalia jembe, akayalima mwenyewe kwa mikono yake, na watu wakasema haya, tutaona.

Wakaona. Mpunga ulisimama mpaka kifuani.

Alichokitaka Bhoke kwa mpunga ule hakikuwa kikubwa. Alitaka msimu mmoja ale chakula ambacho hakuna mtu angekitolea maneno. Kila alichowahi kununua pale kijijini, kuanzia sufuria hadi viatu, kilikuwa na kauli nyuma yake: unajua kakipataje kile. Mpunga haukuwa na kakipataje. Watu wote walimwona ameinama kwenye matope.

Sasa mpunga hauvunwi na mtu mmoja. Unakatwa kwa kupokezana: leo kwako, kesho kwangu, mwenye shamba anapika, wenzake wanashika miundu. Bhoke alikwisha kata kwa Zipora, akakata kwa kina Ngusa, akashinda siku nzima akikata kwa Mama Davis, mke wa mwenyekiti, na chakula akala nao sinia moja. Siku hizo hakuna aliyeuliza mikono yake imetoka wapi. Zamu yake ilipofika, ndipo likazuka la kuzuka.

Lilizukia shimoni. Duara la kikundi, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, ambalo mwenyekiti Donatus alikuwa na sehemu yake ndani, likakata. Wakachimba, wakatoa mawe meupe matupu. Mtu mwenye akili timamu angesema dhahabu imekwisha. Au angeuliza ile iliyotoka ilikwenda wapi, maana barabara ni ileile ya mashimo na zahanati ni ileile ya kuta na popo. Lakini viongozi wetu wanaweza kukosa dawa, wakakosa maji, wakakosa dawati. Mtu wa kumbebesha lawama hawajamkosa hata siku moja. Donatus alifunga safari kwa mganga ng'ambo ya Isaka, akarudi na jibu: kuna mwanamke anachafua kijiji, ndiyo maana mali imekimbia. Asubuhi yake filimbi ya sungusungu, walinzi wa kijiji, ikalia.

Watu wakajaa mbele ya ofisi ya kijiji. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini kwenye vitenge vyao, Bhoke katikati amesimama.

"Bhoke," alianza Donatus, "kijiji kimekaa, kimeona. Unafanya biashara ya mwili wako. Unakubali, unakataa?"

"Nakubali, mwenyekiti. Lakini biashara ina muuzaji na ina mnunuzi. Mbona nimeitwa peke yangu?"

Benchi la wanaume likaingiwa na kikohozi.

"Hatukukuita uje kutufundisha," alisema Ngusa, kamanda wa sungusungu. "Jibu ulichoulizwa."

"Si nimeshajibu, kaka Ngusa."

"Mimi siyo kaka yako."

"Basi shemeji."

Wanawake walikuja wamenuna, lakini hapo kuna walioshindwa. Mmoja alijifunika uso na kitenge, mabega yakawa yanacheza.

Wakampiga mchenya, ile faini ya sungusungu: dume la ng'ombe. Bhoke akauliza wale wanaoingia kwake wamepigwa madume mangapi. Akasimama Abel, mzee wa kanisa, akasema kwa upole kama anayesoma tangazo la ndoa, "Mwanamume ni mwanamume, binti yangu. Yeye anapita tu. Wewe ndiye unayekaa."

"Anapita kwenda wapi, mzee Abel? Nyumba yangu haina mlango wa nyuma."

Kikohozi kikarudi. Mzee Masalu akanyanyua fimbo yake, akasimama bila kuruhusiwa.

"Mwaka aliokufa mke wangu Mariana, pale zahanati hapakuwa na uzi wa kumshonea. Nilikuja kwenye ofisi hii nikaomba mkutano. Nikaambiwa mkutano una taratibu zake, mzee, nenda utulie. Leo naona taratibu zimepatikana kabla ya chai."

"Kaa chini, mzee. Hilo siyo ajenda."

"Najua siyo ajenda. Halijawahi kuwa," alisema Masalu, akakaa.

Bhoke akasema dume halipi. Siyo kwamba hana. Halipi, mpaka na wenzake walipe. Basi ikabaki adhabu ambayo Msukuma anaiogopa kuliko viboko: kutengwa. Donatus akasimama, akajivuta koti.

"Kuanzia sasa Bhoke ametengwa. Hakuna salamu, hakuna moto, hakuna maji, hakuna chumvi, hakuna kumsaidia shambani. Atakayevuka ua wake atalipa dume kama lake. Awe mwanamke, awe mwanamume, awe nani. Hata mimi."

Watu wakapiga makofi, naye makofi yakamlevya, akaongeza ambalo hakuna aliyemwomba: "Na watakaolinda amri hii ni akina mama wenyewe, maana nyinyi ndio wenye uchungu."

Alikuwa anawaza wanawake wasije wakaenda kwa siri kumkatia mwenzao mpunga. Ndiyo hofu yake yote ilipoishia. Mkewe Scolastika, Mama Davis, alikuwa kamanda upande wa wanawake. Akanyanyuka na kukung'uta kitenge.

"Tumepokea, mwenyekiti," akasema. Na alipokea kwa moyo mweupe, kwa sababu Bhoke hakuwa mtu wake.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu, tusidanganyane. Dukani Bhoke aliwekewa mgongo. Kisimani wenzake walinyanyua ndoo, wakasogea mbali, wakangoja aondoke ndipo wateke. Ukitoa salamu ya mwangaluka kwa mtu asiyekujibu, asubuhi nzima inakaa kooni kama mwiba wa samaki. Akaacha kusema. Aliamka na mundu wake, akaenda jarubani, akakata peke yake, huku anapiga kelele kufukuza ndege na ndege wanahamia jaruba la pili. Jioni akiinuka kutazama, alichokata kilionekana kama kiraka kwenye shati la jitu. Hakulia. Alikwisha hesabu kwa macho tu: ng'ombe watafika kabla yake.

Akina mama nao walishika zamu. Wakaweka mkeka kwenye kivuli cha banda lililotazamana na ua wa Bhoke, wakawa wanabangua karanga na kutazama lango. Walikuja kulinda amri na kumcheka, na siku ya kwanza walimcheka kweli.

Siku ya pili akaja Abel. Mwavuli mkononi, Biblia kwapani. Alifungua lango la mabua taratibu, akaweka mguu mmoja ndani, ndipo akaliona lile jeshi la karanga.

"Shikamoo, mzee," alisema Zipora.

"Marahaba. Nilikuwa... nakuja kumwombea."

"Ungemwombea ukiwa hapo barabarani, mzee. Mungu anasikia mpaka Geita."

Sauti ya Bhoke ikatoka ndani, "Mama zangu, sikumwita." Hawakumjibu, kwa kuwa kumjibu ni kosa. Lakini masikio hayakuwa yametengwa.

Abel akapelekwa ofisini. Donatus akasema mzee wa kanisa ana udhuru wa huduma, dume likapunguzwa likawa beberu. Wanawake wakatazamana. Hata hivyo beberu alichinjwa, akaliwa, na supu haikuwa mbaya.

Akafuata fundi wa karasha, aliyedai anatafuta spana. Akafuata dalali mmoja wa mawe aliyesema yeye mgeni, hakusikia tangazo, na hali siku ya tangazo ndiye aliyepiga makofi kuwazidi wote. Akafuata Ngusa mwenyewe, kamanda, kwenye shati lililopigwa pasi.

"Niko doria," alisema Ngusa.

"Doria ya marashi?" aliuliza Zipora. "Hata mbuzi wanapiga chafya."

Kila mmoja akapunguziwa mpaka beberu. Kila mmoja alikuwa na udhuru. Na kila beberu alipoliwa, kicheko pale kwenye mkeka kilibadilika kidogo. Hakikuelekea tena kwenye ua.

"Jamani mimi niulize," alisema Zipora mchana mmoja. "Sisi hapa tunamlinda nani? Huyu dada anatoka asubuhi anakwenda kwenye mpunga, jioni anarudi, anafunga lango. Hajamfuata mtu. Hajampungia mtu. Wanaokuja ni wa kwetu, wametoka vitandani kwetu."

"Bangua karanga," alisema Scolastika.

"Nabangua, dada. Nauliza tu na mikono inafanya kazi."

"Alikata kwangu siku nzima," alisema Scolastika baada ya muda, kama anayejisemea. "Alikata vizuri kuliko wewe." Kisha akavuta karanga nyingine.

Siku ya gulio kijiji kilibaki kitupu. Kila mwenye kuku alikwenda na kuku, kila mwenye dengu alikwenda na dengu. Scolastika alimwambia mumewe kwamba naye anakwenda kutafuta sahani. Akatoka na kikapu, akapita kwa Zipora, wakazunguka nyuma ya makarasha, wakakaa nyuma ya lundo la mabua karibu kabisa na lango. Hakusema kwa nini. Zipora naye, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuuliza.

Jua lilikuwa kichwani Donatus alipotokea. Alikuja ameinama kando ya ukuta wa karasha, mtu mzima na kitambi chake. Akafika langoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akavua viatu, akavishika mkononi, akaingia.

"Baba Davis," alisema Scolastika.

Donatus akaganda. "Mama Davis. Kumbe upo."

"Nipo. Si uliniweka mwenyewe."

"Nimekuja kukagua kama amri inafuatwa."

"Umevua viatu kukagua amri?"

Donatus akavitazama viatu vyake kama mtu aliyewekewa mkononi na wachawi. "Tope," akasema.

"Kiangazi hiki."

Ndani, ufagio uliokuwa unafagia ukanyamaza. Bhoke akatokea mlangoni, akamwona mwenyekiti, akawaona wale wawili. "Rudi, mwenyekiti," alisema. "Mimi nimetengwa." Akaingia akaendelea kufagia.

Scolastika hakumpigia mumewe kelele. Alimnyooshea mkono, akachukua vile viatu, akaviweka kwenye kikapu chake pale ambapo sahani zingekaa, akaondoka navyo. Mwenyekiti wa Mwalukuba akatembea pekupeku mpaka nyumbani, na watu walikuwa wanaanza kurudi kutoka gulioni.

Safari hii filimbi ilipulizwa na wanawake.

Donatus alijitahidi. Mtu aliyezoea kiti hakosi maneno. Akasema kijiji kimejifunza, amri imefanya kazi yake, sasa umefika wakati wa kusameheana na kumfungulia dada yetu. Akamwita dada yetu. Ngusa akaunga mkono upesi. Abel akaongeza kwamba hata waganga wanaweza kukosea.

"Kwanza dume," walisema wanawake.

"Jamani, wengine wote wametoa beberu."

"Ulisema dume," alisema Scolastika, na hakupandisha sauti. "Ulisema awe nani. Ulisema hata mimi. Nilikuwa nimekaa pale, nikakupigia makofi."

Donatus akaangalia mabenchi. Mabenchi yakaangalia chini, maana kila mmoja alikuwa na mke kwenye vitenge.

Mzee Masalu akasimama na fimbo yake. "Dume ni jambo la kwanza. La pili, mtu aliyetengwa harudishwi kwa mdomo. Mnaijua desturi, au mnaijua ile ya kufukuza tu? Anapika, kijiji kinakula chakula chake, kila mtu anatia mkono kwenye chungu chake. Asiyekula, maana yake bado anamtenga, na ugomvi unabaki."

"Basi apike," alisema Donatus, akiona pa kutokea. "Bhoke, pika watu wale, tumalize."

Bhoke alikuwa amesimama palepale aliposimama mara ya kwanza. Alifikiri kidogo.

"Nipike nini, mwenyekiti? Dukani sikuuziwa hata chumvi. Chakula changu kimesimama jarubani, na Jumatatu mnakiingizia ng'ombe. Anayetaka kukila, aje na mundu."

Watu walikuwa wanaligeuza neno hilo, wanatafuta mahali lilipo na kosa, na hawapaoni. Kumrudisha lazima wale. Kula lazima wavune. Na wasipomrudisha, amri inaendelea, na akina mama wanaendelea na mkeka wao, na mabeberu wa kijiji wanaendelea kupungua. Wanaume ndio waliokuwa wa kwanza kusema kwamba kweli, mpunga wa watu usiharibike, ni baraka ya Mungu.

Kesho yake, umande haujakauka, majaruba ya mzee Masalu yalijaa watu kama gulio limehamia pale. Abel alikuja na mundu mpya. Ngusa alivua shati, safari hii kwa kazi. Wanaume walikata kwa mstari, wanawake wakakata na kufunga matita, vijana wakabeba mpaka kwenye turubai na kupura. Dume la Donatus lilikuwa tayari limegawanywa kwenye masufuria, na harufu yake ilikuwa inawatia watu nguvu kuliko nyimbo.

Scolastika alijikuta mstari mmoja na Bhoke. Wakakata bega kwa bega kwa muda mrefu.

"Sikupendi, ujue," alisema Scolastika.

"Najua, Mama Davis. Kata chini kidogo, unaacha masuke."

Scolastika akashusha mundu. Wakasogea mbele, wakafunga tita, wakarudi.

"Baba Davis analala kwa mama yake siku hizi," alisema Scolastika. "Mama yake anamlisha uji." Kisha, bila kuinua kichwa, "Alikuwa anakuja mara nyingi?"

Bhoke akasimama, akajifuta jasho kwa kiwiko. "Unataka jibu, mama, au unataka kukata mpunga?"

Scolastika akaushika mpunga mkono mzima, akaukata, akaulaza. Akakata mwingine, na mwingine.

"Kukata mpunga," alisema.

"Basi tukate."

Wakakata. Baadaye Zipora akajipenyeza katikati yao, akaanza kusimulia vile dalali wa mawe alivyolia wakati beberu wake anachinjwa, na Scolastika akacheka mpaka akaketi juu ya tita. Bhoke naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kijiji kumsikia akicheka mchana.

Jua lilipoanza kushuka, hapakuwa na suke lililosimama. Magunia yalipangwa pembeni, yamefungwa midomo, na mpunga wa kwanza ulikwisha twangwa palepale na kutiwa jikoni. Wakala. Kila mtu alitia mkono, kama desturi inavyotaka, na mzee Masalu ndiye aliyeanza, akatafuna taratibu, akasema wali una harufu nzuri, Mariana angeupenda. Hakuna aliyeuliza umepatikanaje. Kila mgongo pale ulikuwa unauma kwa jibu.

"Na Jumatatu je?" Zipora alimchokoza Bhoke. "Lango litafunguliwa?"

"Jumatatu naanika mpunga. Siku nyingine ni zangu, mdogo wangu. Mimi sijaokoka, nimevuna tu. Nyinyi wafungeni wa kwenu."

"Kamba ziko wapi za kuwatosha," alisema Zipora.

Donatus akaona watu wameshiba nusu, akasimama, miguuni vile viatu vyake vya siku ya gulio alivyorudishiwa, akasafisha koo kutoa neno la kufunga. Akasema leo tumeona matunda ya umoja na mshikamano, jambo ambalo uongozi wake umekuwa ukilihimiza tangu aingie madarakani. Akasema kuna mipango inakuja. Akaitaja na zahanati.

Mzee Masalu akageuza kigoda, akampa mgongo, akaomba aongezewe nyama. Bhoke alikuwa ameinamia sufuria, anakwangua ukoko kwa nguvu, na kwarakwara ya upawa ikawa juu kuliko hotuba. Scolastika akasogeza sahani yake karibu, Zipora akasukuma ya kwake mbele ya hiyo, na Bhoke akawaambia wangoje, ukoko ni mwingi, mpunga huu ni wake na atagawa atakavyo.